Uzito wa Ushahidi na Ufupi wa Hukumu: Uhakiki wa Shauri la Kupinga Matokeo ya Urais nchini Burundi, 2020

Ikisiri

Makala hii inahakiki shauri lililofunguliwa na Agathon Rwasa, mgombea wa chama cha CNL, katika Mahakama ya Katiba ya Burundi tarehe 28 Mei 2020, na uamuzi uliotolewa tarehe 4 Juni 2020 kuthibitisha ushindi wa Évariste Ndayishimiye wa CNDD-FDD. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa shauri hilo haukuwa katika matokeo yaliyothibitishwa, bali katika namna mzigo wa kuthibitisha ulivyobebeshwa upande usiokuwa na nyaraka. Makala inalinganisha shauri hilo na mashauri ya Kenya, Uganda, Malawi, Kongo na hali ya Tanzania, kisha inatazama jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyomfikia mpiga kura wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, anayeishi baina ya Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Inahitimisha kwa kuonyesha marekebisho yanayowezekana kabla ya uchaguzi wa urais wa 2027.

1. Utangulizi

Mashauri ya kupinga matokeo ya urais yamekuwa sehemu ya kawaida ya uchaguzi katika Afrika Mashariki. Kenya imekuwa na mashauri ya aina hiyo katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022. Uganda ilikuwa nayo 2001, 2006 na 2016, na lile la 2021 liliondolewa na aliyelifungua kabla ya kusikilizwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na lake Januari 2019. Hata hivyo, maandishi ya Kiswahili kuhusu mashauri haya yamejikita zaidi Nairobi na Kampala. Burundi, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, hutajwa kwa sentensi moja au mbili: mgombea alilalamika, mahakama ikakataa, maisha yakaendelea.

Sentensi hizo si za uongo, lakini zinaacha nje jambo lenye uzito. Mtu aliyekwenda mahakamani mwaka 2020 ndiye yuleyule ambaye miaka 10 kabla ya hapo alijibu uchaguzi alioupinga kwa kujificha. Mpinzani anapobadili njia kwa kiasi hicho, namna taasisi inavyompokea hugeuka kuwa suala la amani ya nchi. Kwa hiyo shauri la 2020 linastahili kusomwa kwa makini kuliko lilivyosomwa hadi sasa.

2. Shauri na historia iliyo nyuma yake

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya utawala wa kijeshi ulifanyika tarehe 1 Juni 1993. Melchior Ndadaye alimshinda rais aliyekuwa madarakani, Pierre Buyoya, naye Buyoya akakubali matokeo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo Ndadaye aliuawa na wanajeshi, na nchi ikaingia katika vita vya zaidi ya muongo mmoja. Maeneo ya kaskazini ya Bujumbura, Kamenge na Kinama yakiwamo, yaliumia vibaya katikati ya miaka ya 1990. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini neno “matokeo” nchini Burundi halijawahi kuwa neno la hesabu peke yake.

Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka msingi wa Katiba ya 2005. Kundi la Palipehutu-FNL, lililoongozwa na Rwasa, lilibaki nje hadi lilipotia saini mkataba wa kusitisha mapigano mwaka 2006, na likasajiliwa kuwa chama cha siasa mwaka 2009. Mwaka uliofuata, baada ya uchaguzi wa komini wa tarehe 24 Mei 2010, FNL na vyama vingine vya upinzani vilidai kuwa kura ziliibwa na kwamba mawakala wao walinyimwa nakala za hati za matokeo. Vyama hivyo vilisusia uchaguzi wa urais wa tarehe 28 Juni. Pierre Nkurunziza akabaki mgombea pekee na kupata zaidi ya asilimia 91 ya kura. Rwasa alitoweka hadharani na kukaa mafichoni kwa miaka kadhaa.

Mwaka 2020 picha ilikuwa tofauti. Chama kipya cha Rwasa, CNL, kilichosajiliwa Februari 2019, kilisimamisha wagombea na kufanya kampeni. Uchaguzi wa urais, wabunge na madiwani ulifanyika siku moja, tarehe 20 Mei 2020, huku mitandao ya kijamii ikiwa imefungwa. Serikali ilikuwa imewaarifu waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba wangelazimika kukaa karantini siku 14 kwa sababu ya korona, jambo lililowazuia kufika. Tarehe 25 Mei Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, yaani CENI, ilitangaza matokeo ya awali: Ndayishimiye asilimia 68.72, Rwasa asilimia 24.19, na Gaston Sindimwo wa UPRONA asilimia 1.64.

Siku tatu baadaye Rwasa alifungua shauri. Alidai kuwa masanduku yalijazwa kura, mawakala wa chama chake walifukuzwa vituoni, na kura zilipigwa kwa majina ya wasiokuwapo. Madai hayo hayakusimama peke yake. Baraza la Maaskofu Katoliki, lililokuwa limesambaza waangalizi zaidi ya 2,700 katika komini zote 119, lilitoa tamko lililoorodhesha kasoro za aina hiyohiyo, ikiwa ni pamoja na kuondolewa kwa waangalizi wakati wa kuhesabu kura. Tarehe 4 Juni Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba malalamiko hayakuwa na msingi, ikathibitisha ushindi wa Ndayishimiye. Tarehe 8 Juni Nkurunziza alifariki dunia. Siku chache baadaye Mahakama hiyohiyo ikaelekeza kwamba rais mteule aapishwe mapema, naye akaapishwa Gitega tarehe 18 Juni. Katika msururu huo wa matukio makubwa, uamuzi wa tarehe 4 Juni ulisahaulika haraka.

3. Mikondo miwili ya uhakiki

Waliouzungumzia uamuzi huo wanaweza kugawanywa katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza unaona kwamba hakuna cha kuhakiki. Majaji saba wa Mahakama ya Katiba huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Seneti. Chama kinachotawala ndicho kilichokuwa na sauti katika uteuzi wao na ndicho kilichokuwa kikilalamikiwa. Kwa mkondo huu, methali inatosha: kesi ya nyani hakimu ngedere. Mkondo wa pili unashikilia kanuni ya zamani ya sheria, kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Rwasa alidai, hakuthibitisha, akashindwa. Na asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mikondo yote miwili ina sehemu ya ukweli, na yote miwili inakatisha mjadala mapema. Wa kwanza ukikubaliwa wote, hakuna marekebisho yoyote ya sheria yenye maana, kwa kuwa kila kitu kinategemea nani anateua majaji. Lakini majaji walioteuliwa kwa njia zinazokaribiana wameamua tofauti katika nchi tofauti. Nchini Malawi majaji watano wa Mahakama Kuu, wakiketi kama mahakama ya katiba, walifuta tarehe 3 Februari 2020 uchaguzi wa Mei 2019 uliokuwa umempa ushindi rais aliyekuwa madarakani. Wa pili ukikubaliwa wote, swali muhimu kuliko yote halitaulizwa: anayedai athibitishe kwa nyaraka zipi, na nani anazishika?

4. Mzigo wa kuthibitisha na mwenye kushika nyaraka

Katika shauri la kawaida la madai, mtu anayedai deni huwa na hati ya deni. Katika shauri la uchaguzi, hati zote za msingi zinatengenezwa, kusafirishwa na kuhifadhiwa na tume inayolalamikiwa au iliyo karibu na mlalamikiwa: daftari la wapiga kura, hati ya matokeo ya kila kituo, majumlisho ya komini na ya mkoa, na masanduku yenyewe. Mlalamikaji ana kitu kimoja tu cha kwake, nacho ni nakala alizopewa wakala wake kituoni. Wakala akifukuzwa kabla ya kuhesabu, nakala haipo. Hapo ndipo mzunguko unapofungwa: kasoro inayolalamikiwa ndiyo inayomnyima mlalamikaji ushahidi wa kuithibitisha. Akifika mahakamani mikono mitupu, hukumu inasema hana ushahidi; na mkono mtupu haulambwi.

Mahakama mbalimbali zimekutana na mzunguko huu na kuukata kwa njia tofauti. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru tume ya uchaguzi kuufungua mfumo wake wa kompyuta kwa ukaguzi. Tume haikutii kikamilifu, na wingi wa majaji, wanne dhidi ya wawili, ukauhesabu ukaidi huo dhidi ya tume. Tarehe 1 Septemba 2017 uchaguzi wa tarehe 8 Agosti ukafutwa. Mzigo wa kuthibitisha ulibaki kwa mlalamikaji, lakini aliyeficha nyaraka hakuruhusiwa kunufaika na kuficha kwake. Nchini Malawi hati za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe ziliwekwa mezani na mashahidi wakahojiwa kwa miezi kadhaa hadharani, redio zikirusha mwenendo wa shauri.

Upande wa pili uko mfano wa Kongo. Januari 2019 Martin Fayulu aliiomba Mahakama ya Katiba iamuru kura zihesabiwe upya, akitegemea hesabu za waangalizi wa Kanisa Katoliki waliokuwa takriban 40,000. Mahakama ilisema hakuthibitisha. Kuhesabu upya, ambako ndiko kungetoa uthibitisho, kulikataliwa kwa sababu uthibitisho haukuwapo. Shauri la Burundi liko karibu zaidi na mfano huu. Kura hazikuhesabiwa upya, na umma haukupewa nafasi ya kulinganisha hati za vituo na majumlisho ya taifa.

Uhakiki wa haki unapaswa kukiri kwamba muda ulikuwa mfupi. Kutoka kufunguliwa kwa shauri hadi uamuzi zilipita siku saba. Katiba ya Kenya inatoa siku saba za kufungua shauri na siku 14 za kuamua, na hata huko majaji wamelalamikia ufinyu wa muda. Malawi ilichukua zaidi ya miezi minane, huku rais akiendelea kutawala. Hakuna muda usio na gharama: mfupi unaua ushahidi, mrefu unarefusha wasiwasi. Lakini muda mfupi unavumilika pale tu nyaraka zinapokuwa wazi tangu siku ya kwanza. Kenya ilijifunza hivyo: mwaka 2022 tume iliweka hadharani fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, na shauri lililofuata, lililotupwa kwa kauli moja ya majaji saba tarehe 5 Septemba, lilijadiliwa na wananchi waliokuwa wamekwisha kuziona fomu hizo wenyewe. Mlalamikaji alishindwa mbele ya macho ya watu, na tofauti hiyo ni kubwa.

5. Hoja ya tofauti kubwa ya kura

Hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa uamuzi wa 2020 ni tofauti ya kura. Ndayishimiye alipewa zaidi ya kura milioni 3, Rwasa zaidi kidogo ya milioni 1. Kati ya wawili hao kulikuwa na karibu kura milioni 2. Ili kulazimisha hata duru ya pili, mamia ya maelfu ya kura yangehitaji kubadilika upande. Mwenye akili timamu anaweza kuuliza: kasoro za vituo kadhaa zingebadili nini?

Hii ndiyo hoja iliyotawala nchini Uganda. Sheria huko inadai kwamba kasoro ziwe zimeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2001 majaji watatu dhidi ya wawili, na mwaka 2006 wanne dhidi ya watatu, walikataa kufuta uchaguzi ingawa walikubali kwamba sheria ilivunjwa. Kipimo hicho kina mantiki, lakini kina kasoro moja ya ndani: kinaichukua tofauti iliyotangazwa kuwa ya kweli ili kupima kama tofauti hiyo ni ya kweli. Kama majumlisho ndiyo yanayopingwa, majumlisho hayawezi kuwa rula ya kujipimia. Majaji wa Kenya mwaka 2017 walilijibu tatizo hili kwa kusema kwamba sheria yao ina vipimo viwili visivyotegemeana: uchaguzi unaweza kufutwa kwa sababu haukufuata misingi ya Katiba, au kwa sababu kasoro ziliathiri matokeo.

Haifuati kwamba Mahakama ya Burundi ilipaswa kuufuta uchaguzi. Inawezekana kabisa kwamba hesabu kamili ya hati za vituo ingempa Ndayishimiye ushindi uleule, au unaokaribia. Lakini hapo ndipo hasara ya mshindi mwenyewe inapoonekana. Ushindi ambao ungeweza kuthibitishwa kwa karatasi uliachwa uthibitishwe kwa tamko. Mficha uchi hazai, na tume iliyoficha hati zake ilimnyima hata aliyeshinda kizazi cha ushindi wake, yaani imani ya wasiompigia kura.

6. Sauti isiyoandikwa

Hukumu ya Kenya ya 2017 ilikuja na maoni ya majaji wawili waliopinga. Hukumu za Uganda za 2001 na 2006 zilikuwa na maoni ya walio wachache, na maoni hayo yamesomwa na kunukuliwa tangu wakati huo. Katika jadi ya sheria ambayo Burundi iliirithi kutoka Ubelgiji, mahakama hutamka kwa sauti moja. Jaji asiyekubaliana hana ukurasa wake.

Gharama ya jadi hiyo ilionekana mwaka 2015. Kundi la maseneta liliiuliza Mahakama ya Katiba kama Nkurunziza angeweza kugombea muhula mwingine. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2005 kilisema rais huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano inayoweza kurudiwa mara moja. Kifungu cha 302 kiliweka utaratibu wa pekee wa rais wa kwanza kuchaguliwa na Bunge. Katika uamuzi RCCB 303 wa tarehe 4 Mei 2015, Mahakama iliutenga muhula wa 2005 na hesabu ya kifungu cha 96, hivyo njia ikafunguka. Makamu wa rais wa Mahakama, Sylvère Nimpagaritse, hakutia saini. Alivuka mpaka na kuingia Rwanda, na akavieleza vyombo vya habari kwamba majaji walikuwa wameshinikizwa na kutishwa. Maoni tofauti ambayo kwingineko yangechapishwa chini ya hukumu yalisikika kutoka uhamishoni.

Shauri hilo lilifuatwa na jingine Arusha. Jukwaa la Asasi za Kiraia la Afrika Mashariki lilifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2015. Kitengo cha Awali kililikataa, na Kitengo cha Rufani kikalirudisha mwaka 2018 kikisema mahakama ina mamlaka ya kulisikiliza. Hatimaye, tarehe 25 Novemba 2021, Kitengo cha Rufani kiliamua kwamba muhula huo ulikiuka Mkataba wa Arusha na Mkataba wa Jumuiya. Kisheria uamuzi huo ni mkubwa, kwa kuwa unasema kwamba hukumu ya mahakama ya juu ya nchi mwanachama inaweza kupimwa kwa kipimo cha Jumuiya. Kivitendo ulikuja zaidi ya miaka sita baada ya tukio, muhula wenyewe ukiwa umekwisha na aliyeutumikia akiwa kaburini. Anayetegemea Arusha kusahihisha uchaguzi atasahihishiwa historia.

Hata hivyo mlango wa Burundi ulikuwa wazi, na hilo halipaswi kupuuzwa. Nchini Tanzania kifungu cha 41(7) cha Katiba ya 1977 kinazizuia mahakama zote kuchunguza uchaguzi wa mgombea urais aliyekwisha kutangazwa na Tume kuwa ameshinda. Tarehe 15 Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Zanzibar nako, matokeo ya Oktoba 2015 yalifutwa na mwenyekiti wa tume, si na mahakama, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Ukilinganisha, Burundi ina mlango na ina kizingiti. Kinachokosekana ni chumba cha kusikilizia.

7. Hukumu inapofika Carama

Carama ni mtaa wa zoni ya Kinama, katika komini ya Ntahangwa, kwa mgawanyo wa utawala uliotumika 2020. Kinama ni miongoni mwa maeneo ya jiji ambako FNL, na baadaye CNL, ilikuwa na wafuasi wengi. Kura iliyopigwa Carama ilihesabiwa kituoni, ikajumlishwa katika ngazi ya komini, kisha katika Meya ya Bujumbura, kisha taifa. Mpiga kura aliyekaa kituoni jioni ya tarehe 20 Mei aliweza kuisikia hesabu ya kituo chake kwa masikio yake. Alichosikia tarehe 25 Mei ni asilimia ya taifa. Baina ya namba hizo mbili hapakuwa na ngazi aliyoweza kuipanda.

Tatizo hilo lina sura ya lugha pia, na hapa watafiti wa Kiswahili wana kazi ya moja kwa moja. Burundi ina Kirundi, lugha ya nyumbani kwa karibu wote. Kifaransa, lugha ya hati na hukumu. Kiingereza, kilichofanywa lugha rasmi kwa sheria ya 2014. Na Kiswahili, lugha ya soko, ya mabasi, ya mitaa kama Buyenzi na ya sehemu kubwa ya Bujumbura. Katika Kirundi, Mahakama ya Juu huitwa Sentare Ntahinyuzwa, yaani ile ambayo neno lake halikanushwi. Mahakama ya Katiba, inayoamua uchaguzi wa urais, huitwa Sentare yubahiriza Ibwirizwa Shingiro, yaani inayofanya sheria ya msingi iheshimiwe. Majina hayo mawili yana falsafa mbili. La kwanza linasisitiza mwisho wa mabishano. La pili linasisitiza wajibu. Uamuzi wa 2020 ulipokelewa kwa roho ya jina la kwanza, ingawa ulitolewa na mahakama yenye jina la pili.

Kiswahili cha habari nacho hakijamsaidia msikilizaji. Mara nyingi ilitangazwa kwamba mgombea “amekata rufaa”. Rufaa hukatwa dhidi ya hukumu, kutoka mahakama ya chini kwenda ya juu. Hapa hapakuwa na hukumu yoyote kabla. Palikuwa na tangazo la tume. Shauri la uchaguzi wa urais huanzia na kuishia mahali pamoja. Anayeliita rufaa anampa msikilizaji picha kwamba suala limekwisha kusikilizwa mara moja, na kwamba mlalamikaji anarudia tu. Vivyo hivyo “Mahakama Kuu” na “Mahakama ya Juu” huchanganywa, ingawa nchini Kenya hizo ni ngazi mbili tofauti, na nchini Tanzania iliyo juu kabisa ni Mahakama ya Rufani. Istilahi zisipotulia, mwananchi wa Carama anayefuatilia redio za nchi tatu kwa Kiswahili anasikia taasisi tatu zenye jina moja na taasisi moja yenye majina matatu.

8. Yatokanayo kwa watunga sera

Marekebisho yafuatayo hayahitaji kubadili namna majaji wanavyoteuliwa, jambo ambalo ni gumu kisiasa. Yanahitaji sheria ya uchaguzi na kanuni za mahakama.

Kwanza, hati ya matokeo ya kila kituo itangazwe hadharani pamoja na majumlisho ya awali, na muda wa kufungua shauri uanze kuhesabiwa baada ya hati zote kuwa wazi. Tume isiyokamilisha utangazaji isinufaike na saa inayokwenda.

Pili, kuwekwe kanuni kwamba wakala akithibitika kuondolewa kituoni kabla ya hesabu, tume ndiyo itakayoonyesha kwamba hesabu ya kituo hicho ni sahihi. Mzigo haugeuzwi kwa nchi nzima. Unageuzwa kwa kituo hicho tu.

Tatu, Mahakama ya Katiba ipewe uwezo na bajeti ya kufungua sampuli ya masanduku. Sampuli ndogo iliyochaguliwa kwa kura mbele ya pande zote inaweza kuamua haraka kama tofauti kubwa iliyotangazwa inaaminika. Mshindi wa halali hana sababu ya kuiogopa.

Nne, hukumu itolewe na sababu zake zote zichapishwe kwa Kirundi na Kifaransa, pamoja na muhtasari wa Kiswahili. Mkataba wa Jumuiya unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuendelezwa kwa mawasiliano mapana, na hakuna mawasiliano mapana zaidi ya yale yanayomweleza raia kwa nini fulani ni rais wake. Jaji asiyekubaliana aruhusiwe kuandika maoni yake.

Tano, Jumuiya itazame upya taratibu za mahakama yake ya Arusha ili mashauri yanayohusu uchaguzi yapewe kipaumbele cha tarehe. Shauri la miaka sita ni somo kwa wanafunzi wa sheria, si nafuu kwa mlalamikaji.

9. Hitimisho

Katika uchaguzi wa wabunge wa tarehe 5 Juni 2025, CNDD-FDD ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 96 ya kura na viti vyote 100 vilivyogombewa. Katika Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020, CNL ilikuwa na viti 32. Rwasa alikuwa amekwisha kuondolewa katika uongozi wa chama alichokianzisha, Machi 2024. Kwa vipimo vya nje, basi, njia ya mahakama aliyoichagua mwaka 2020 haikumzalishia kitu.

Ni hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Mwaka 2010 mpinzani aliyeona ameonewa aliingia mafichoni. Mwaka 2020 alipeleka karatasi mahakamani, akasubiri siku saba, akakataliwa, na wabunge wa chama chake wakachukua viti vyao. Nchi ilipata bure kitu ambacho mataifa mengine yamekilipia damu: mshindwa aliyekubali kwamba mahali pa kubishia ni mahakamani. Uchaguzi wa urais unaofuata, wa 2027, utaonyesha kama kuna mwingine atakayeichagua njia hiyo. Hatazamwi mshindi tu katika kuamua hilo. Atatazamwa karani wa kituo, atakapomkabidhi wakala nakala yake au atakapomwonyesha mlango.